Kifafa cha mwanangu kina jina lake

Ukisema hapa Dar es Salaam kwamba mtoto wako ana kifafa, watu huona umeshamaliza kueleza. Jirani atakupa pole, wifi atauliza kama mmeshampeleka kwa yule mzee wa Bagamoyo, na muuza duka la dawa atanyoosha mkono kwenye kopo lile lile alilomfungulia mteja wa asubuhi. Naandika kwa sababu neno hilo moja, lilipoachwa peke yake kwenye karatasi ya kliniki, lilimtesa mwanangu kwa muda mrefu. Na kila nikikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, namkuta mama mwingine aliyepewa neno hilo na dawa, basi.

Mwanangu ana sindromu ya Dravet. Ni aina adimu ya kifafa cha utotoni. Makadirio mengi huiweka kwenye mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wetu peke yake. Piga hesabu ya watoto wanaozaliwa humu kila mwaka, utaona kwamba adimu si sawa na hakuna. Wapo Mbagala, wapo Kimara, wapo Tandika, na wengi wao wanaitwa wana degedege.

Kwa mwanangu nako kulianza hivyo: mtoto mwenye afya, hajatimiza mwaka, homa, kisha degedege. Degedege tunalijua sana huku Pwani, na ndiyo sababu linatupotosha. Kwa wazee wengi ni shetani apitaye kwa umbo la ndege. Mama mkwe wangu, mwanamke ninayemheshimu sana, alitaka mtoto afukizwe kinyesi cha tembo kwanza, maana ndivyo baba wa mtoto alivyotibiwa udogoni na akapona. Hospitali nako, homa na degedege ni malaria mpaka kipimo kikatae, na hilo ni sawa kabisa. Malaria ikipanda kichwani huua haraka. Mtoto yeyote mwenye homa na degedege apimwe malaria, hata huyu wangu ambaye leo tunajua ugonjwa wake.

Shida huanzia pale kipimo kinapokataa. Mama anaambiwa, "Ni homa tu, akikua yataacha." Kwa watoto wengi maneno hayo ni kweli. Degedege la kawaida la homa huchukua dakika chache, hutikisa mwili mzima, na mtoto akishavuka miaka mitano au sita humwacha bila kumwachia kitu. La mwanangu lilikaa zaidi ya nusu saa. Lilimshika mkono na mguu wa kulia tu, na liliporudi wiki chache baadaye likahamia kushoto. Baadaye halikungoja hata homa. Maji ya moto ya kuogea yalitosha.

Natamani kila muuguzi wa zahanati angekuwa na alama hizo kichwani: mtoto wa chini ya mwaka, degedege refu kupita kiasi, linalokamata upande mmoja na safari nyingine kuhama, linalorudi tena na tena, linaloletwa na joto dogo. Vipimo havisaidii sana mwanzoni. EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, katika mwaka wa kwanza mara nyingi haionyeshi kasoro, na picha ya ubongo huwa safi. Mama anarudi nyumbani ameshika majibu mazuri na mtoto anayezidi kuumwa.

Daktari wa Kifaransa Charlotte Dravet, aliyefanya kazi Marseille, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1978 kwa kuwatazama watoto tu, kabla mtu yeyote hajajua chanzo chake. Chanzo kilipatikana 2001, pale watafiti wa Ubelgiji walipokuta hitilafu kwenye jeni iitwayo SCN1A. Zaidi ya watoto wanane kati ya kumi wenye Dravet wana hitilafu hiyo, na kwa wengi wao haikurithiwa kwa baba wala kwa mama. Ilitokea upya wakati mimba inatungwa. Nalirudia hili kwenye kila kikao cha ukoo, kwa sababu mwanamke ndiye huwekwa mezani kwanza: damu ya kwao, ndoto za mimba yake, nani alimtazama vibaya. Jeni haina habari na mambo hayo.

Sasa nifike kwenye dawa, ambako ndiko jina linakofanya kazi.

Katika hospitali moja tulipewa kabamazepini, ile ambayo wengi tunaiita Tegretol. Ni dawa nzuri. Watoto wengi wa mji huu wenye kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo wanakwenda shule kwa sababu yake, na yeyote anayesoma hapa na mtoto wake anaendelea vizuri kwa kabamazepini asiiguse. Mwanangu yeye alizidiwa. Degedege likaongezeka, kukaja na mishtuko midogo ya mikono ambayo hakuwa nayo, na kila tuliporudi dozi ilipandishwa.

Daktari bingwa aliyekuja kumgundua alinieleza kwa mfano wa breki za daladala. Ubongo una seli zinazochochea na seli zinazozuia. SCN1A ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza vijia vidogo vinavyopitisha sodiamu kwenye seli za neva, na seli zinazozuia ndizo zinazovitegemea zaidi. Jeni ikiharibika, breki zinalegea. Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini hufanya kazi kwa kuziba vijia hivyo hivyo vya sodiamu. Ukimpa mtoto mwenye Dravet, unaondoa hata breki ndogo aliyobaki nayo.

Chukua lamotrijini uone jambo lilivyo. Kuna aina nyingine kali ya kifafa cha utotoni, ya Lennox-Gastaut, ambamo mtoto huwa na mishtuko ya namna nyingi pamoja na ile ya kuanguka ghafla kama aliyesukumwa, hata wengine huvalishwa kofia ngumu mchana kutwa. Huko lamotrijini ni miongoni mwa dawa zinazosaidia. Dawa ile ile, watoto wawili wenye kifafa, mmoja anapata nafuu na mwingine anazidiwa. Daktari asipoandika jina, mtu wa zamu ya usiku atajuaje?

Msingi wa tiba ya Dravet ni valproeti, na mara nyingi huongezwa klobazamu. Valproeti ina masharti yake: ini lazima lifuatiliwe, hasa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na msichana anapokaribia umri wa kuzaa daktari hufikiria upya, kwa kuwa dawa hii hudhuru mimba. Juu ya hizo mbili kuna stiripentoli. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2000 liliwachukua watoto 41 ambao tayari walikuwa kwenye valproeti na klobazamu. Kati ya 21 walioongezewa stiripentoli, 15 walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu. Kati ya 20 waliopewa dawa bandia, yaani ya kulinganishia isiyo na tiba ndani, ni mmoja tu. Nililia niliposoma namba hizo usiku kwenye simu. Ulaya iliiruhusu mwaka 2007. Mimi sijaikuta kwenye duka lolote la dawa nililoulizia, kuanzia mitaa ya Kariakoo hadi maduka makubwa ya Upanga.

Halafu kuna fenfluramini, yenye historia ya ajabu. Ilikuwa dawa ya kupunguza unene, ikaondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Ikarudi kwa dozi ndogo na kwa kazi nyingine: Juni 2020 Marekani iliiruhusu kwa Dravet, kwa sharti kwamba moyo wa mtoto upimwe kwa ultrasaundi kabla ya kuanza na wakati anaendelea nayo.

Na kuna kanabidioli. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu mtaani kwetu habari hii imefika nusu. Ni kweli kwamba kemikali hii hutolewa kwenye mmea wa bangi. Ni kweli kwamba jaribio la watoto 120 wenye Dravet, lililochapishwa 2017, lilionyesha idadi ya degedege kwa mwezi, kwa mtoto aliye katikati ukiwapanga kwa idadi hiyo, ikishuka kutoka 12.4 hadi 5.9 kwa waliotumia dawa, huku waliopewa ya bandia wakitoka 14.9 hadi 14.1. Mwaka 2018 Marekani iliiidhinisha kwa jina la Epidiolex. Lakini dawa hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa, yenye kipimo kinachojulikana kwa kila mililita, na hailevyi. Majani ya bangi yanayochemshwa, au mafuta meusi ya kwenye chupa isiyo na lebo, yana ile kemikali nyingine inayolevya na hakuna ajuaye ni kiasi gani. Mbali na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015, ambayo haina mchezo, unampa mtoto mwenye ubongo mgonjwa kitu usichokijua. Mama mmoja wa Tandale aliniuliza kwa sauti ya chini kama ajaribu. Nilimwambia, "Dada yangu, hapana," nikampa maelezo haya haya.

Sina neno baya kwa fenobabitoni, dawa ya zamani kuliko zote hizi. Mjerumani Alfred Hauptmann aliitangaza kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo ndiyo inayopatikana hata zahanati ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Mahenge kwa Wapogoro, daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa na kuwatibu kwayo watu ambao walikuwa wanatengwa, wanakula peke yao, wanaunguzwa na moto bila kuokolewa kwa kuogopwa kuambukiza. Wengi walipata nafuu. Hiyo ni historia yetu wenyewe ya tiba na inastahili kujulikana zaidi. Ninachosema ni kwamba dawa hiyo haikufanywa kwa kila kifafa, na mtoto ambaye hapati nafuu baada ya dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa na kupewa kwa dozi ya kutosha anastahili kuulizwa upya: hiki ni kifafa gani?

Kuna mambo mawili ya Dravet ambayo hayamo kwenye chupa ya dawa.

La kwanza ni chanjo. Degedege la kwanza mara nyingi huja siku mtoto amepata homa, na homa ya siku moja baada ya sindano ya kliniki huwa miongoni mwa hizo. Ndiyo maana wazazi duniani kote walishawishika kwamba chanjo ndiyo iliyoharibu ubongo. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwachunguza wagonjwa 14 waliodhaniwa kudhuriwa na chanjo ya kifaduro. 11 kati yao walikutwa na hitilafu ya SCN1A. Ugonjwa ulikuwemo tangu tumboni, homa iliufunua tu. Mtoto asiyechanjwa yuko hatarini kupata surua, na surua huleta homa kali zaidi. Wangu anachanjwa, tunajipanga kwa dawa ya homa na daktari anajua siku yenyewe.

La pili ni joto. Mtu wa Ulaya akiandika kwamba mtoto mwenye Dravet aepushwe na joto, haifikirii Dar ya Februari saa nane mchana umeme umekatika. Tumehamisha kitanda upande wa dirisha linalopata upepo wa bahari. Kitambaa chenye maji na feni ndogo ya kuchaji havikosekani. Mchezo wa jua kali tumeuhamishia asubuhi na jioni. Kupanda mwendokasi saa ya msongamano, watu wamebanana, niliacha; bora bajaji na ngwenje zinitoke. Usiku tunalala chumba kimoja, kwa kuwa watoto wenye Dravet wana hatari kubwa kuliko wengine ya kufariki ghafla usingizini. Sikutaka kuandika sentensi hiyo, lakini mzazi ana haki ya kuijua.

Nitoke kidogo kwa mwanangu, kwa sababu kuna ugonjwa ambao ukichelewa wiki tu una gharama yake, na ambao dawa yake ipo na bei yake si ya kutisha.

Januari 1841 daktari wa Kiingereza, William James West, alipeleka barua kwenye jarida la The Lancet. Alieleza mtoto wa kiume aliyekuwa mzima hadi miezi minne, kisha akaanza kuinamisha kichwa mbele, kidogo kwanza, halafu kwa nguvu, mara nyingi mfululizo, hata akaacha kucheka na kutazama. Alikuwa amejaribu ruba, maji baridi kichwani, dawa za kuharisha na afyuni. Mtoto alikuwa wake mwenyewe. Aliwaandikia madaktari wenzake kuuliza kama kuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Nikisoma barua ile namwona mzazi kabla ya daktari, na sijui kama miaka 180 baadaye hali imebadilika kiasi cha kutosha kwetu, maana bado mtoto wa miezi mitano anayejikunja kwa mfululizo akiamka usingizini huambiwa ana chango, au tumbo linamsokota.

Si tumbo. Kujikunja kwa mafungu, mikono ikiruka, kichwa kikiinama, kisha anapumzika sekunde chache na kurudia, hasa anapoamka, na pamoja nayo mtoto anaanza kusahau alichokwisha jifunza: hiyo ni sindromu ya West mpaka EEG iseme vinginevyo, na EEG yake huwa na vurugu ya pekee ambayo mtaalamu haikosei. Mrekodi kwa simu. Video ya dakika moja ina thamani kuliko maelezo yetu yote. Tiba ya kwanza ni homoni: sindano za ACTH, au prednisoloni ya vidonge kwa dozi kubwa ambayo daktari hupanga na kuipunguza taratibu, huku akifuatilia shinikizo la damu na maambukizi. Prednisoloni ni dawa ya kawaida kabisa madukani. Katika utafiti wa Uingereza wa 2004 wenye watoto 107, mishtuko ilikoma ndani ya wiki mbili kwa asilimia 73 ya waliopewa homoni na asilimia 54 ya waliopewa vigabatrini. Vigabatrini nayo ina nafasi yake ya kwanza kwa watoto wenye ugonjwa wa tuberosi, unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine, ambao mara nyingi hujulikana kwa mabaka meupe ya ngozi. Daktari huipa akijua kwamba inaweza kupunguza uwezo wa macho kuona pembeni. Kabamazepini haimsaidii mtoto huyu.

Kuna pia watoto ambao dawa yao ni vitamini. Kifafa kinachotegemea vitamini B6 huanza mara nyingi siku za kwanza za uhai na hakisikii dawa yoyote ya kawaida; akipewa piridoksini, degedege linakoma, na ataihitaji maisha yake yote. Jeni yake, ALDH7A1, ilijulikana 2006. Na kuna wale ambao dawa yao ni chakula.

Ubongo huendeshwa kwa sukari, na sukari huvushwa kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo na protini iitwayo GLUT1. Mwaka 1991 Darryl De Vivo na wenzake wa Marekani walieleza watoto ambao protini hiyo haifanyi kazi vizuri. Damu yao ina sukari ya kawaida, lakini ukipima maji ya uti wa mgongo, sukari iko chini. Ubongo una njaa. Degedege lao huwa baya asubuhi kabla hawajala. Dawa za kifafa haziwezi kuvusha sukari, lakini mwili ukichoma mafuta badala ya wanga, ini hutengeneza ketoni, na ketoni zina njia nyingine ya kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo lishe ya keto ndiyo tiba yao hasa.

Lishe hii haikuanza na watu wa kupunguza uzito. Tangu zamani ilijulikana kwamba kufunga kula hutuliza kifafa, lakini huwezi kumfungisha mtoto miezi. Mwaka 1921 Russell Wilder wa kliniki ya Mayo, Marekani, alipendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili mwili ujione umefunga huku mtoto anakula. Ikatumika sana, kisha fenitoini ilipokuja mwaka 1938 ikasahaulika, maana kidonge ni rahisi kuliko jiko. Ilifufuka miaka ya 1990. Mwaka 2008 likatoka jaribio la London lenye watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashinda: baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliokuwa kwenye lishe walikuwa wamepungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu, dhidi ya asilimia 6 ya waliokuwa bado wanasubiri zamu.

Watoto wenye Dravet nao ni miongoni mwa wanaonufaika nayo, ndipo nasi tukaingia. Ile ya asili hupimwa kwa uwiano: gramu nne za mafuta kwa gramu moja ya protini na wanga vikijumlishwa. Fanya hesabu. Gramu nne za mafuta ni kalori 36, gramu moja ya vile vingine ni kalori 4, hivyo asilimia 90 ya nguvu za mtoto zinatoka kwenye mafuta. Yetu ni ile iliyolegezwa, iitwayo Atkins iliyorekebishwa, ambayo ilianza kutumika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2003. Protini haipimwi, mafuta yanahimizwa, na wanga hubanwa kwenye gramu 10 hadi 20 kwa siku. Gramu hizo ni chache mno. Ndizi mbivu moja inazimaliza. Chapati moja inazipita.

"Mtoto asiyekula ugali atakuaje?" mama mkwe aliniuliza. Swali lake lilikuwa la haki. Uji wa lishe ndio uliomkuzia watoto wake wote, na sasa mkwe anaufungia kabatini. Nilimwambia, "Mama, twende wote kwa mtaalamu wa lishe, ukasikie mwenyewe." Alisikia, na aliporudi yeye ndiye akawa mpishi. Mtu aliyekulia Pwani anajua mafuta kuliko kitabu chochote. Samaki wa Feri anapakwa tui la kwanza, zito, lisilotiwa maji. Mchicha unakaangwa na mafuta mengi, mayai na siagi, kipande cha parachichi kilichopimwa. Tui, karanga na parachichi vyote vina wanga wake, kwa hiyo vinapita kwenye mizani ndogo ya dijitali tuliyonunua Kariakoo. Nimesikia watu wakisema mafuta ya nazi ni sawa na yale mafuta maalumu ya MCT ambayo hospitali za nje hutumia. Si sawa. Yale yamechujwa yabaki na aina mbili hasa zinazogeuka ketoni upesi. Ya nazi yana sehemu ndogo tu ya hizo. Yanafaa kwa kupikia, lakini usibadilishe kimoja kwa kingine kwenye karatasi ya mtaalamu.

Vigumu havimo jikoni kwetu. Viko kwa watu wanaompenda. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari zinagongwa mlangoni, tambi za sukari, kalimati, viazi vitamu vya nazi. Sikukuu kila mkono una kashata au ubuyu. Shuleni mwenzake anamkatia nusu ya andazi kwa moyo safi. Imebidi tumfundishe mtoto mwenyewe kusema, "Sili, ni dawa yangu," na ameelewa kuliko watu wazima wengi. Sukari nyingine imejificha kwenye dawa: sirapu ya homa, ya kikohozi, hata sirapu ya kifafa yenyewe. Tunaomba vidonge kila inapowezekana, na tunasoma karatasi ndani ya boksi.

Asianze mtu yeyote lishe hii kwa kusoma blogu, hata hii. Kuna watoto ambao miili yao haiwezi kuchoma mafuta kutokana na magonjwa ya kurithi, na kwao keto inaweza kuua. Lazima wapimwe kwanza. Hata anayefaa anahitaji vitamini, kalsiamu, kupimwa damu, uzito na urefu, maana lishe inaweza kuleta choo kigumu, mawe ya figo, mafuta mengi kwenye damu na kudumaa. Mkojo tunaupima ketoni kwa vijiti vya karatasi ambavyo wenye kisukari huvitumia. Kama baada ya miezi mitatu hakuna nafuu, lishe huachwa taratibu. Kwa mwanangu nafuu ilikuwepo. Degedege halijaisha, lakini yale marefu ya kulazwa yamekuwa machache, na maneno yake yanaongezeka.

Lililobaki ni karatasi. Likitokea degedege tunamlaza ubavu, hatumtii kijiko mdomoni, tunaangalia saa. Likifika dakika tano anapewa diazepamu ya njia ya haja kubwa tuliyoandikiwa, na tunaondoka kwenda hospitali iliyo karibu, ambako hawatujui. Kwa hiyo nilimwomba daktari wetu aandike ukurasa mmoja, wenye mhuri. Una jina la sindromu juu kabisa, uzito wa mtoto, dawa anazotumia na dozi zake, dozi ya diazepamu na mara ngapi inaruhusiwa. Una mstari unaosema asipewe fenitoini wala kabamazepini, na kitu cha kutumia badala yake. Una mstari wa lishe: asitundikiwe dripu ya glukosi isipokuwa sukari yake ya damu imepimwa na kukutwa iko chini, vinginevyo apewe ya chumvi. Nakala moja iko kwenye begi lake la shule, moja kwa mama mkwe, moja kwa jirani mwenye gari, na picha yake iko kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba hii. Ukienda kliniki safari ijayo, mwombe daktari wako naye aandike. Akisema bado hajajua ni kifafa cha aina gani, muulize, kwa adabu, ni kipimo gani kitasaidia kujua na kitafanyika lini, na umwombe aiandike tarehe hiyo kwenye kadi.